Aliitwa Fundi, Akaitika

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyezikwa wiki iliyopita. Kazini walimwita Mama Kola, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Mama Kola alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati. Kiwandani, wasikilizaji, hakuna anayeshona shati zima. Huyu anashona mikono, yule mifuko, mwingine matundu ya vifungo. Yeye alishona kola. Tangu usichana wake hadi mvi zikamtoka, kola tu. Wenzake walimtania kwamba hata mume alimchagua kwa kumtazama shingo. Alicheka mpaka akasimamisha cherehani.

Kisha kiwanda kikafungwa. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama Kola akarudi nyumbani na cherehani moja aliyopewa kama kiinua mgongo, akaiweka barazani. Majirani wakafurahi, wakasema sasa mtaa umepata fundi. Naye hakukanusha. Kosa lake ni hilo tu. Aliitwa fundi, akaitika.

Mke wa kinyozi, jirani wa ukuta mmoja, akamletea kitambaa kizuri. Binti yake alikuwa anamaliza chuo, alitaka gauni. Mama Kola akampima binti kama alivyowahi kuona wengine wakipima. Akakata. Kwapa zikabana, kiuno kikapinda, kola tu ndiyo iliyonyooka. Akafumua, akakata tena, kitambaa kikazidi kupungua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye aliyaoga peke yake.

Siku ya kulichukua, binti alilivaa, akajitazama kwenye kioo. Aliyesema ni mama mtu.

"Mama Kola, kola nimeiona. Gauni liko wapi?"

Waliokuwapo barazani wakaangua kicheko. Maneno hayo yakazunguka mtaa mzima, na hakuna aliyeleta kitambaa tena.

Mama Kola akaacha kukaa barazani. Akauza vyombo, akauza kitanda, mwisho akauza cherehani yenyewe. Sokoni alikwenda jua likizama, watu wasimwone uso. Homa ilipomshika, alijifungia ndani. Mke wa kinyozi alibisha hodi, akajibiwa kutoka ndani, kwa sauti ya Mama Kola mwenyewe, kwamba mwenye nyumba amepumzika. Kesho yake alibisha tena. Hakujibiwa.

Sasa sikilizeni hili. Mama Kola ameacha mdogo wake, tumbo moja. Mdogo huyo ni fundi wa magauni, ana duka lake, na wasichana wengi wamejifunza kazi mikononi mwake. Tulimkuta dukani, mkasi uko mbele yake, hakati kitu.

"Mwezi mmoja ningemfundisha," alituambia. "Dada alikuwa na mkono mwepesi kuliko mimi. Alikuja hapa mara mbili. Akakaa, akanywa chai, akasifu kazi yangu, akaaga. Mimi nikadhani kaja kunisalimia."

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini hawakutuambia uchi huo unafunuliwa vipi mbele ya mdogo wako.

Tunampa pole mdogo mtu na ukoo wote. Tunampa pole pia mke wa kinyozi, ambaye tangu mazishi hajakaa barazani kwake. Na wewe unayetusikiliza, huenda sasa hivi kuna mtu amekaa kwako. Chai ameimaliza, habari zimekwisha, na bado hajainuka. Usimsindikize upesi. Muulize.

Mama Kola hakuna aliyemuuliza.