Mwanamke wa Kinu Alivyonitoa Kwenye Kwaya

Kaeni, bandugu, kaeni. Nitajaribu kusema Kiswahili cha kanisani kwa sababu leo tuna wageni kutoka Lusenda na kutoka Fizi. Nikikasirika nitarudia kile cha nyumbani, na mtanisamehe, maana mambo yenyewe yanakasirisha. Sitataja jina la mtu. Wanaohusika wamo humu ndani, wanajijua, na wengine tumekwisha kula pamoja.

Mnanijua kwa kazi yangu. Niko pale sekretaria, njia ya soko, ninawapigia watu mashine: barua za kuomba kazi, kazi za mwisho za wanafunzi, hata mahubiri mnayoyasikia hapa. Msichokijua ni kwamba wateja wakipungua na betri za sola zikiwa zimejaa, nilikuwa ninaandika hadithi fupi za kutisha. Hazina mafunzo. Zinatisha tu. Tangu utoto napenda ile baridi inayopanda mgongoni mtu akisimulia vizuri, nikatamani kumpandishia baridi hiyo mtu nisiyemjua.

Halafu ziwa likapanda. Mlikuwepo wote. Lilichukua nyumba za avenue yetu ya chini, kuta zikabaki zimesimama majini, madirisha wazi. Mchana mmoja nilikwenda kuchota maji, nikasikia du, du, du kutoka ndani ya nyumba moja. Nilichungulia. Ilikuwa ubao unagonga ukuta. Niliuona kwa macho yangu, lakini miguu ilikuwa imekwisha kuanza mbio.

Nikaenda kuandika. Mwanamke aliyekufa anatwanga majani ya sombe ndani ya nyumba iliyomezwa na ziwa, mchana kweupe. Kila anayesikia kinu chake anashikwa na njaa. Anakula ugali, njaa haiishi. Anakula samaki, haiishi. Mwisho anatembea mwenyewe kuingia majini, kwenda kuomba chakula.

Ilikuwa hadithi nzuri. Sioni haya kusema hivyo.

Sasa sikieni taabu ya kuitoa. Niliigeuza kwa Kifaransa nikaituma kwa jarida moja la mji mkubwa. Walijibu kwa heshima nyingi. Wakasema ninaandika vizuri, lakini mwandishi wa Kivu angewapendeza zaidi kama angeandika juu ya vita. Bandugu, mi nimewaletea mwanamke anayetwanga chini ya maji, wao wanataka bunduki! Kana kwamba sisi wa huku hatuna ruhusa ya kuogopa kitu kingine.

Nikaituma ng'ambo ya ziwa, kwa Kiswahili. Huko wakanirudishia imejaa rangi nyekundu. Mutoto wamefanya mtoto, sawa, niliwaachia. Lakini sombe wamefanya kisamvu. Nawauliza ninyi bamama: nani amekufa katika mji wetu huu wa Baraka, akarudi, akatwanga kisamvu? Niliwaandikia kwamba marehemu wangu hajui neno hilo. Hawakujibu tena. Wengine niliowatumia hawakujibu hata mara moja, nami kila asubuhi nilikuwa napanda pale juu penye réseau ya simu kuangalia, kama mtu anayesubiri habari za mgonjwa.

Hayo yalikuwa maudhi tu. Kuanguka kwenyewe kulikuja hivi. Niliacha kurasa mezani, mteja mmoja akapiga picha ukurasa wa kwanza, wa kwanza tu, akauweka WhatsApp. Na mnakumbuka kwamba kwenye avenue ile kulikuwa na mama aliyefariki, ukuta ulimwangukia siku maji yalipoingia. Kufika jioni habari ilikuwa imepikwa na kuiva: yule mwanamke wa sekretaria anasikia wafu, anamwita marehemu, ndiye anayeyaleta maji.

Mnajua maneno ya namna hiyo yanaweza kumfikisha mtu wapi hapa kwetu. Wateja wakahamia kwingine. Mama-mukwe wangu, ambaye ananipenda, akaanza kusema ameshiba kila nilipompakulia. Wazee wa kanisa wakaniita, wakanitoa kwenye kwaya mpaka jambo litazamwe. Nikawauliza kama kuna mmoja wao aliyeisoma hadithi yote. Hakuna. Na bado wakafunga kikao kwa maombi, mikono yao juu ya kichwa changu, wakimkemea mwanamke niliyemtunga mwenyewe.

Mi nikaacha kuandika. Nilikuwa naamka nimechoka, natoka nje nikiwa nimeinamisha kichwa, na nikisikia mtu anacheka barabarani nilidhani ananicheka mimi. Mume wangu alisema tuhamie Misisi kwa ndugu yake, nami nikaanza kufunga vyombo.

Wakati huo ndipo yule baba alipokuja. Mume wa marehemu. Aliingia sekretaria mchana, akavuta kiti, akakaa. Nilifikiri amekuja kunipiga, na nilishajua kwamba sitapiga kelele.

Akasema, "Mama, bananiambia umeandika bibi yangu. Kila muntu ananiletea kipande. Mi nataka yote. Unisomee."

Nilisoma. Nilipofika pale mtu wa kwanza anapoingia majini, baba yule alijishika magoti, nikaacha kusoma. Akaniambia niendelee. Nilipomaliza aliomba nianze tena tangu mwanzo, nami nikaanza. Baada ya mara ya pili jasho lilikuwa linamtoka.

"Huyu haiko bibi yangu," akasema.

"Hapana, baba. Haiko yeye."

"Bantu banakuja kunipa pole. Banakaa, banakunywa chai, banaenda. Hakuna hata mumoja aliniambia na yeye anaogopa lile ziwa. Nilifikiri ni mi peke yangu."

Nilimwambia naogopa. Nilimweleza juu ya ule ubao, jinsi nilivyouona na bado nikakimbia. Akacheka kidogo. Ndugu zangu, nawaambia, tangu ukurasa ule upigwe picha hakuna mtu aliyekuwa amecheka nami.

Jumapili iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa wazee. Aliwaambia kwamba kama kuna mtu wa kukasirishwa na hadithi ile ni yeye, naye hakukasirika. Na kama ni ya pepo, basi na yeye iko na pepo, kwa sababu aliomba asomewe mara mbili. Wakanirudisha kwenye kwaya. Lakini kwa sharti: mwishoni mwa hadithi nimweke mchungaji, aje aombe, yule mwanamke atoweke. Nilikuwa nimechoka kubishana. Nikamweka.

Nikaituma tena, safari hii kwa jarida la kwenye mtandao linalopenda hadithi za namna hii. Mhariri, mwanamke, akajibu. Anaitaka! Sombe abaki sombe, mutoto abaki mutoto. Jambo moja tu: "Mchungaji wako amefika nikiwa ndiyo naanza kuogopa. Mwondoe."

Kanisa linasema mweke, jarida linasema mwondoe. Nilitaka kulia. Nikachukua kurasa zangu mpaka kwa mchungaji wetu, nikamwambia asome yote kabla hajasema neno. Akasoma hapo hapo mbele yangu, polepole. Kisha akasema nimwondoe tu, maana hata yeye ameona mchungaji yule anasema sana. Akaniomba nimsindikize mpaka njiani, kwa sababu alikuwa anapita avenue ya chini.

Hadithi ilitoka. Imesomwa mbali. Mtu wa ziwa jingine aliandika kwamba sasa akisikia kinu cha jirani anafunga dirisha. Mama-mukwe nilimsomea mimi mwenyewe, akanipiga bega, akaniuliza akili hizi nimezitoa kwa nani, halafu akaomba chakula.

Kwa vijana wanaotaka kuandika, neno langu ni hili. Mtakataliwa kwa sababu za kijinga, na mtakataliwa kwa sababu nzuri, na siku ya kwanza hamtajua ipi ni ipi. Lugha yenu msiiachie. Mwisho wa hadithi, kama mhariri anasema ukate, jaribu kukata. Na sisi wengine, mtu akituletea hadithi ya kutisha, tukae tusikie yote kabla hatujamwekea mikono kichwani.

Namshukuru mume wangu aliyefungua vyombo bila kunung'unika. Namshukuru mhariri, hata kama hasikii. Nawashukuru wazee, ndiyo, nawashukuru, kwa sababu waligeuza neno lao mbele za watu, na jambo hilo ni gumu.

Na yule baba, amekaa kule nyuma, namshukuru kuliko wote. Kila akinikuta sokoni ananiuliza kama nyingine iko tayari. Anasema safari hii nisimhurumie.