Kibao cha Stesheni ya Napoli

INES: Haloo? Ni nani?

RUGGERO: Ni mimi.

INES: Mimi nani? Laini inakwaruza.

RUGGERO: Ruggero. Mumeo.

INES: Ah, hatimaye. Napoli imekupokeaje?

RUGGERO: Mji una kelele. Nimefika mpaka bandarini, kwenye meli za visiwani. Sokoni pweza wanatoroka beseni, muuzaji anawarudisha huku anaimba.

INES: Wewe uliyeapa hukanyagi kusini mpaka ufe?

RUGGERO: Mama mmoja kanipa andazi la moto, kasema nina sura ya mfiwa. Siku nzima nimeshikilia mfuko wangu, Ines, mpaka kiganja kimelowa. Hakuna aliyeugusa.

INES: Basi Aniello kasema kweli.

RUGGERO: Umeongea na Aniello?

INES: Saa saba, kapiga kunitoa wasiwasi. Kasema kakupokea stesheni, sanduku kalibeba, ila wewe umeomba utembee kwanza uone mji. Nikashangaa, lakini—

RUGGERO: Kasema nimeomba?

INES: Ndiyo.

RUGGERO: Na nini kingine?

INES: Kingine kipi? Mwanao Fausto ndiye kaniambia Aniello, baba mkwe wake, kavimba mdomo. Kajigonga mlango wa treni akishusha sanduku lako. Umpe pole.

RUGGERO: Mlango wa treni? Kasema hivyo?

INES: Ruggero. Umefanya nini?

RUGGERO: Mtu alinitokea nyuma, akashika sanduku. Hakusema— pengine alisema, lafudhi yao siielewi. Na mimi tangu tuivuke Roma najiambia, huku kusini ni wezi tu, macho, macho—

INES: Umempiga.

RUGGERO: Kibao. Kimoja.

INES: Mungu wangu.

RUGGERO: Na nikamwita mwizi. Watu wakajaa, askari akaja. Yeye damu inamtoka, anamwambia askari, "Huyu ndugu yangu, tunataniana tu." Ndipo nikaona chini kipande cha boksi. Kimeandikwa jina langu, kwa wino mwekundu.

INES: Ungekwenda harusini kwa Fausto ungemjua sura.

RUGGERO: Najua.

INES: Miaka minne mtu anatutumia malimau ya shambani kwake kila Krismasi, na wewe—

RUGGERO: Najua, Ines.

INES: Halafu ukamwacha pale?

RUGGERO: Miguu iliondoka yenyewe. Sikiliza, kuna treni ya saa kumi na mbili. Waambie nimeugua ghafla, ubatizo wa mjukuu—

INES: Siwaambii. Siku ya harusi nilisema umeugua, na uongo ule umenikaa kooni mpaka leo. Sasa na yeye anakusemea uongo. Watu wangapi wakubebe? Uko wapi?

RUGGERO: Chini ya nyumba yao. Nimepita hapa mara tatu. Gauni la mtoto ulilolishona wamelitundika dirishani lipate hewa.

INES: Bonyeza kengele.

RUGGERO: Nitamtazamaje? Mbele ya Fausto, mbele ya mkewe—

INES: Ulimpiga mbele ya watu.

RUGGERO: Simu inakaribia kuzima.

INES: Usiisingizie simu.

RUGGERO: Ngoja. Aniello katokeza dirishani. Kaniona.

INES: Anasemaje?

RUGGERO: Anauliza kama mji umenipendeza. Anauliza kwa sauti, jengo zima lisikie. Anasema nipande, chakula kinapoa.

INES: Mjibu.

RUGGERO: Huo mdomo, Ines. Hawezi hata kutabasamu sawasawa.

INES: Mjibu, Baba Fausto.

RUGGERO: [mbali na simu] Shuka wewe kwanza, Aniello. Tafadhali. [karibu] Sipandi kwake kabla sijasema. Na wasikie wote.

INES: Anashuka?

RUGGERO: Anashuka. Fausto yuko nyuma yake. Majirani nao wako madirishani.

INES: Vua kofia.

RUGGERO: Nimeshaivua. Haya, nakata—

INES: Usikate. Tia simu mfukoni hivyo hivyo, nisikie.

RUGGERO: Ines, naona haya.

INES: Hata mimi. Nenda.

RUGGERO: [mbali] Fausto, mwanangu, mkwe wako hakujigonga popote. Ni mimi nili— [laini inakatika]

INES: Haloo? Ruggero? Haloo?