Dereva Aliona Njano

Asifiwe Bwana aliyenisimamisha mbele yenu kwa miguu yangu miwili! Na asifiwe tena, maana kuna siku nilidhani sitasimama kabisa!

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama wenzangu, mwangaluka, habari za asubuhi. Wageni, karibuni Geita, karibuni nyumbani mwa Bwana.

Mimi naitwa Kabula, ila wengi mnanijua kama Mama Kulwa. Najua mmeshangaa kuniona nimevaa hivi. Gauni la kitenge, na juu yake kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, hiki tunachokiita reflekta. Sikukosa nguo ndugu zangu. Nimemwomba mchungaji ruhusa, kwa sababu ushuhuda huu siwezi kuutoa nikiwa nimeiacha reflekta yangu kwenye msumari nyumbani. Naivaa kwa fahari!

Nianzie kwa mume wangu, marehemu Masanja. Alikuwa kibarua kwenye karasha, kule wanakosaga mawe ya dhahabu. Kazi yake kupakua mawe kwenye malori. Mtu mpole, mtu wa kuimba akirudi nyumbani, mimi na mapacha wetu Kulwa na Dotto tukamsikia kabla hajafika mlangoni. Asubuhi moja aliondoka na shati lake la kaki. Pale karashani vumbi ni la kaki, mawe ni ya kaki, na watu wote wamevaa nguo zao za shambani za rangi hiyohiyo. Lori lilirudi rivasi. Masanja alikuwa nyuma yake ameinama.

Dereva alikuja msibani. Alilia kuliko hata ndugu. Akapiga magoti mbele yangu akasema, "Mama, nisamehe. Sikumwona."

Ndugu zangu, nilimwamini! Na ndicho kilichoniuma. Kama angekuwa mlevi ningepata wa kumchukia. Lakini yule baba alitazama nyuma, na mume wangu alikuwepo, na hakumwona. Neno hilo "sikumwona" nililala nalo na kuamka nalo. Nikamuuliza Mungu, Baba, mtu mzima mwenye watoto anawezaje kutoonekana?

Maisha yakawa magumu. Pamba ilikataa, mihogo ikaliwa na nguruwe pori, watoto wanataka sare za shule. Nikasikia tangazo kwamba kampuni inayojenga barabara upande wa Nkome inatafuta washika bendera, na kina mama wanakaribishwa. Mshika bendera ndiye yule mnayemkuta barabarani na bendera nyekundu na ya kijani, anayesimamisha magari ili mitambo ipite. Nikasema naenda.

Baba mkwe wangu, Mzee Ngassa, mnamfahamu, mfugaji, mtu wa msimamo. Alikuja nyumbani na fimbo yake. Akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayo, mke wa mwanangu akasimame barabarani amevaa shati la kung'aa, kila dereva amtazame?"

Nikamjibu kwa heshima, "Baba, ndivyo ninavyotaka. Wanitazame."

Aligeuka na fimbo yake, akaondoka. Hakunilaani, lakini hakuaga.

Siku ya kwanza kazini, foromani wetu Bwana Sospeter alitupanga mstari, akatugawia helmeti, buti na reflekta. Akatuambia maneno ambayo wengine waliyacheka. Alisema, "Hii siyo sare ya kampuni. Haya ni macho unayompa dereva. Ikiwa safi, atakuona. Ikijaa tope na grisi, umevaa tambara tu, afadhali uje na gunia."

Wengine walicheka, mimi sikucheka. Mimi nilisikia kama naambiwa habari za Masanja.

Tangu siku ile, kila nikirudi nilikuwa naifua reflekta yangu kwa mkono, taratibu, bila kusugua ile mistari isije ikabanduka, naianika kivulini. Wenzangu wengi zao zilikuwa zimeshakuwa nyekundu kwa vumbi la kifusi. Wakaanza kunitania, "Mama Kulwa, leo tena unang'aa! Kuna harusi mbele huko?" Nilicheka nao. Nikafua.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa kiangazi kikali, mchana, jua la utosi. Boza la kumwagia barabara maji lilikuwa limeharibika, na upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani. Vumbi! Vumbi jekundu mpaka kwenye meno! Nilipangwa karibu na kalavati jipya. Mabomba yalikuwa yameshalazwa ndani ya mtaro mrefu, na matipa yanaleta kifusi kuufukia, moja likitoka jingine linarudi rivasi. Kulikuwa na mwenzetu anayewaelekeza madereva wa matipa, na mimi nazuia magari ya barabarani.

Ikaja bodaboda kutoka Nkome, imepakia magunia ya dagaa yamempita dereva kichwa. Nikainua bendera nyekundu. Hakusimama, nadhani breki zilishindwa na ule mzigo. Alinijia moja kwa moja. Nikaruka nyuma, naye akanipita akaenda kuanguka mbele kwenye vibarua. Mwenzangu wa matipa akakimbia kumwahi yule wa bodaboda. Kila mtu akatazama kule.

Mimi niliporuka, chini hapakuwa na ardhi. Nilitumbukia mtaroni.

Mguu ukaingia kati ya bomba na jiwe, nikasikia kitu kinakatika. Nilikuwa kifudifudi, mgongo juu. Nikapiga kelele, lakini nani akusikie? Greda linanguruma, rola linanguruma, na mdomo umejaa vumbi. Kisha nikasikia juu yangu sauti ninayoijua, ile ya tipa likirudi rivasi. Pii, pii, pii. Lilikuwa linakuja kumwaga kifusi. Kwenye mtaro ule. Juu yangu!

Ndugu zangu, nilijaribu kuvuta mguu, haukutoka. Nikageuza shingo nikaona matairi kwenye ukingo. Nikaona bodi la tipa linaanza kuinuka. Vijiwe vikaanza kudondoka, vikanipiga helmetini, ta, ta, ta. Sikuwa na sala ndefu. Nilisema, "Yesu, watoto wangu hawa wameshazika baba!" Basi. Nikafumba macho nikalala kwenye ile ardhi.

Kifusi hakikuja.

Nikasikia breki zinapiga kelele, bodi linashuka, mlango unafunguliwa, mtu anapiga ukunga wa kiume, "Kuna mtu! Kuna mtu shimoni! Zimeni mashine!" Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine mpaka nikaanza kusikia pumzi yangu mwenyewe. Halafu mtu akarukia mtaroni, akaanza kuondoa mawe kwa mikono yake.

Huyo alikuwa Hamisi, dereva wa tipa. Yuko hapa leo! Amekaa pale karibu na mlango. Ni Mwislamu, na amekuja kwa sababu nilimwomba. Hamisi, simama ndugu yangu, watu wakuone. Mpigieni makofi!

Nilipotolewa, nikiwa nimelazwa kando ya barabara wakisubiri gari la kunipeleka hospitali, nilimshika mkono nikamuuliza, "Baba, uliniona?"

Akaniambia, "Mama, sikukuona wewe. Vumbi lilikuwa jekundu, shimo jekundu, kifusi chekundu. Nilitupa jicho kwenye kioo mara ya mwisho kabla ya kumwaga, nikaona njano. Nikajiambia, hiyo siyo rangi ya udongo. Nikakanyaga breki."

Aliona njano! Haleluya! Mgongo wangu ndio ulikuwa juu, na mgongoni nilikuwa na kile kizibao nilichokifua jana yake. Nililia pale barabarani. Walidhani nalia mguu. Nilikuwa nalia kwa sababu hatimaye dereva mmoja katika nchi hii alitazama nyuma akaona!

Mguu ulifungwa hogo, nikalala hospitali, nikarudi nyumbani na magongo. Siku nipo kibarazani nikamwona Mzee Ngassa anakuja. Nikajua nimekwisha, sasa naambiwa, "Si nilikuambia?" Nikamsalimu, shikamoo baba. Akaitikia marahaba, akakaa. Akaegesha fimbo yake ukutani taratibu, mnajua wazee wetu. Kisha akasema, "Mayo, lile shati lako liko wapi?"

Dotto akalileta. Mzee akaligeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye mistari. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu angekuwa nalo hili." Akafuta macho kwa kiganja. Halafu akauliza, "Na sisi tunaovusha ng'ombe barabarani jioni, wanatuuzia na sisi, au ni la wenye kampuni tu?"

Leo ukipita njia ile jioni, utamwona mzee mwenye fimbo na kofia pana, nyuma ya ng'ombe, anang'aa kama bwana harusi! Na wachungaji wenzake wameanza kumwiga.

Nilirudi kazini, ndugu zangu. Bwana Sospeter akanipa kazi nyingine juu ya bendera. Kila asubuhi vibarua wote wanapita mbele yangu kabla ya kuingia, nawakagua. Kama reflekta imechafuka, unarudi kuibadilisha. Kama umeivua ukaifunga kiunoni kwa sababu ya joto, unaivaa. Kama hukuifunga mbele inapepea, unaifunga, isije ikanaswa na mashine. Mwanzoni wanaume walinung'unika. Siku moja dereva mmoja mkubwa wa mwili akaniambia, "Mama, mimi nakaa ndani ya gari, ya nini?" Nikamwambia, "Ukishuka kukagua tairi, uko ndani ya gari?" Akaenda kuivaa. Sasa wao wenyewe wakiniona kwa mbali wanajinyoosha kama wanafunzi!

Na Bwana hakuishia hapo. Nikawaambia kina mama wa kanisa hili, tuna dada zetu kule karashani wanaponda mawe siku nzima, malori yanawapita mgongoni. Mama Tabitha, fundi cherehani wetu, akatoa mashine yake. Tukanunua kitambaa cha njano na ile mikanda inayong'aa, tukashona wenyewe, tukapeleka. Wachimbaji walitucheka, wakasema walokole wameleta nguo za trafiki. Nikawaeleza habari za Masanja, pale pale alipofia. Kicheko kikakoma. Leo wengine wao wanakuja kwa Mama Tabitha kuagiza.

Na juzi mwalimu wa shule aliniambia aliwauliza watoto wazazi wao wanafanya kazi gani. Kulwa akasimama akasema, "Mama yangu anasimamisha malori." Nilitembea kutoka shuleni mpaka nyumbani kichwa juu! Nani kama Mungu?

Nimeulizwa na wengine, Mama Kulwa, alikuokoa Mungu au kilikuokoa kile kizibao? Ndugu zangu, msinitenganishie hivyo. Mungu aliyemfanya Hamisi atupe jicho kiooni ndiye aliyempa Bwana Sospeter maneno, ndiye aliyenipa mimi mikono ya kufua. Kuomba hakukunizuia kuvaa, na kuvaa hakukunizuia kuomba. Usiache kimoja ukasema una imani.

Kesho ni Jumatatu. Wengi wenu mnaingia kazini, wengine migodini, wengine barabarani, wengine kwenye majengo. Una mtu anakusubiri nyumbani. Ukiwa na wasiwasi, ukiwa umezika mtu kama mimi na moyo umekataa kutulia, ukiwa hujawahi kumwamini Mungu huyu, njoo mbele sasa hivi, tutaomba pamoja nawe. Na wewe uliyeiacha reflekta kwenye baiskeli pale nje, kailete, uje nayo. Usione haya. Hamisi, njoo na wewe, ndugu yangu, usimame hapa pembeni yangu. Wabeja, asante, Baba wa mbinguni! Njooni jamani, nafasi ipo!