Diski Isiyo na cha Kugongea

Benchi letu liko mbele ya banda la kinyozi, na mguu wake mmoja umewekewa tofali. Kila siku ikigonga saa tano mimi huleta birika la kahawa la mama na vikombe vinne. Wanywaji ni watatu: Antena, fundi wa redio, Wembe, kinyozi mwenyewe, na Mzee Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamkatalia. Kikombe cha nne kilikuwa cha baba, aliyekuwa akikaa mwisho kabisa, karibu na ukuta. Ni mwezi wa nane tangu tumzike na hakuna anayekaa pale. Siku hiyo, kabla sijamimina, niliweka benchini boksi dogo la diski mpya ya kompyuta, nikawaambia mama ameniagiza niwaulize: tubaki nalo au tulirudishe? Dukani walitupa siku saba, na hiyo ilikuwa ya saba.

— Kwanza tukague mzigo, alisema Antena, akafungua. Diski yenyewe hii. Waya wa kunakilia. Kibao cha kuishikilia. Bisibisi. Skrubu nne… tatu.

— Ya nne haikuwemo tangu dukani, nilisema.

Wembe aliichukua diski akaiweka sikioni.

— Mbona kimya hivi? Kama imekufa.

— Ndivyo inavyotakiwa, wewe! Antena alimpokonya. Diski ya zamani ndani ina sahani inayozunguka, na sindano inayosoma. Ikichoka, sindano inagonga. Hii SSD haina kinachozunguka. Ni flashi iliyoshiba, basi.

— Na mwendo? aliuliza Mzee Breki.

— Mwendo upo, babu, nilijibu. Zamani nilikuwa nawasha, nafagia uani, nikirudi bado inajifikiria. Sasa sijakaa vizuri kwenye kiti, ishawaka. Na masomo ya baba yamehamia yote thelathini na moja. Nimeyasikiliza moja moja.

Masomo hayo wote wanayajua. Niliacha shule kidato cha pili, baba alipoanza kuugua. Siku alizokuwa na nguvu alinirekodia masomo kwenye kompyuta ya nyumbani. Kila somo linaanza vilevile: anagonga meza mara mbili, ngo ngo, halafu ananyamaza mpaka nifungue daftari. Mtihani wangu, kama mtahiniwa wa kujitegemea, ni mwezi wa kumi na moja. Sina mwalimu mwingine.

— Sasa tatizo liko wapi, mwanangu? aliuliza Wembe.

— Inagonga.

— Nini inagonga?

— Kompyuta. Kila siku saa nne, muda wa somo. Mara mbili, inapumzika. Mara mbili, inapumzika.

Antena alicheka, lakini alimtazama Wembe kwanza.

— Feni hiyo.

— Nimeizuia kwa penseli.

— Spika.

— Nimechomoa.

— Basi umeihamisha na maradhi yake, alisema Wembe. Ile ya zamani si ilikuwa inagonga? Mashine ikinakili inabeba kila kitu, mpaka kikohozi.

— Kikohozi hakinakiliwi! alisema Antena. Sindano haipo, itagongea nini?

— Si diski, alisema Mzee Breki taratibu. Ni bati la kompyuta. Mimi lori langu lilibadilishwa injini, likawekewa mpya. Lakini kwenye kona ile niliyopata ajali, usukani ulikuwa unatetemeka wenyewe. Chuma kinashika, nyie.

— Mzee, hiyo ilikuwa mikono yako, alisema Antena.

— Mikono yangu ilikuwa mfukoni!

— Mkiendesha lori na mikono mfukoni, ajali mnashangaa nini? alisema Wembe. Kisha akashusha sauti. Mimi nauliza tu. Somo la thelathini na mbili alilirekodi?

— Hapana, nilisema. Alisema atalirekodi kesho yake.

Antena alilifunika boksi haraka.

— Irudishe. Mtoto hawezi kukaa chumba kimoja na kitu kinachogonga bila mkono.

— Nikirudisha wataifuta, mjomba. Ile ya zamani ilikata roho palepale ilipomaliza kunakiliwa. Sauti yake imebaki humo tu.

— Hamishia kwenye flashi.

— Nimejaribu mara tatu. Nikianza, inagonga, halafu inazimika.

Wakati nawamiminia kahawa alitokea mama mmoja aliyehamia chumba cha nyuma ya kinyozi jana yake. Aliomba kahawa, akakaa kule mwisho, karibu na ukuta. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pale palikuwa pa baba. Mama yule alichukua kikombe cha nne, akanywa, akatutazama mmoja mmoja.

— Nimewasikia kutoka ndani. Mnabishana anagonga nani, anagonga na nini. Kuna aliyemwitikia?

Wembe alianza kufuta mkasi ambao haukuwa mchafu. Niliinua birika kumwongezea Mzee Breki, likatoa matone mawili tu.

Nilichukua boksi langu, nikapita mbele ya duka tulilonunua diski bila kugeuza shingo.

Nyumbani nilimkuta mama amesimama nje ya mlango, amejiziba mdomo kwa kanga.

— Diski unayo? aliniuliza.

Nilimwonyesha boksi.

— Na umeme nimechomoa, alisema. Tangu umetoka haijaacha.

Nikasikia. Ngo ngo. Kimya. Ngo ngo. Haikuwa kwa hasira. Ilikuwa kama mtu mwenye subira, anayejua mwanafunzi wake huchelewa.

— Mama, nilisema, daftari langu umeliweka wapi?