Aliyeitafuta Sakafu ya Ulimwengu: Dkt. Jeconia Opondo Oyugi, 1956–2022

Tumekusanyika hapa Kimumu, Eldoret, Jumamosi hii ya tarehe 6 Agosti 2022, kumsindikiza mtu aliyeogopa uchaguzi kuliko alivyoogopa kifo. Kura ni Jumanne. Kifo kimemfikia kwanza, na waliomjua wanasema kama angepewa nafasi ya kupanga foleni, angepanga hivyo hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1956 huko Gem, mtoto wa tatu wa Mzee Oyugi na Mama Benta, ambao wote wametangulia. Alikuwa mtoto mwoga. Familia ilijadiliana kama neno hilo lisomwe kaburini, ikaona lisomwe, maana tukiliondoa hatutabaki na mtu wa kuzika. Alipotumwa kisimani alidondosha jiwe kwanza, akasubiri kusikia limefika. Mama Benta alimwambia kisima kile kilichimbwa na babu yake mwenyewe.

"Na babu alifika chini?"

"Alifika."

"Nani alimwona?"

Alichapwa, kisha mama yake akaenda kuwasimulia majirani swali lile kwa fahari.

Alisoma shule ya msingi huko huko Gem na sekondari mjini Kisumu, akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1977, akahitimu kwa alama za juu katika hisabati. Mwaka 1983 alipata ufadhili wa kwenda Hamburg, Ujerumani, na mwaka 1989 akarudi na shahada ya uzamifu na koti zito ambalo Eldoret, kwa baridi yake yote ya Julai, haikuwahi kulistahili.

Watu wengi hapa wamejiuliza kwa miaka mingi alikuwa anafanya nini hasa. Kuna nadharia inaitwa nadharia ya kwantumu ya nyuga, inayoeleza jinsi mwanga na chembe ndogo kabisa za vitu zinavyohusiana. Wanafizikia huitumia kila siku, na hesabu zake hukubaliana na vipimo kwa usahihi wa kutisha. Shida ni moja: hakuna aliyethibitisha, kwa hisabati safi, kwamba nadharia hiyo ipo katika ulimwengu kama huu wetu. Ni kama ghorofa la mjini ambalo wapangaji wamehamia, taa zinawaka, lifti inapanda na kushuka, ila ukiuliza msingi uko wapi, kila mtu anakuambia umuulize mwenzake. Marehemu alikuwa miongoni mwa watu wachache duniani walioshuka chini kuutafuta msingi huo.

Masharti ya msingi wenyewe si mengi. Mawili aliyarudia sana. La kwanza, nishati ya ulimwengu lazima iwe na sakafu, yaani kiwango ambacho haiwezi kushuka zaidi. Bila hiyo kila kitu kingeendelea kuporomoka milele. La pili, mambo mawili yaliyotengana kiasi kwamba hata mwanga haujapata muda wa kupita kati yao, hayawezi kugusana. Katika tasnifu yake alithibitisha kwamba ukiwa na ulimwengu mdogo wa kuchezea, wenye njia moja tu ya kwenda na kurudi, sakafu ipo. Kwa ulimwengu huu mkubwa hakufaulu. Wala hakuna mwingine aliyefaulu, jambo ambalo Mzee Oyugi aliliona kama utetezi dhaifu kwa mtu aliyekula ufadhili wa miaka sita.

Kuanzia mwaka 1990 alifundisha katika chuo kikuu kimoja karibu na mji huu hadi alipostaafu mwaka 2021. Wanafunzi wake waliopo hapa wataikumbuka tabia yake: ukimuuliza swali, hakujibu kabla ya kuangalia dari. Aliangalia juu muda mrefu, kana kwamba jibu limehifadhiwa huko, kisha akajibu sawasawa.

Mkewe, Mama Amondi, jina lake Wangari, alikuwa karani wa posta mjini. Marehemu alikuwa akipeleka makala zake kwa majarida ya Ulaya, na makala zilikuwa zikirudi. Siku moja Wangari alimuuliza, "Daktari, hii bahasha inaenda na kurudi kila mara. Si uwaulize shida yao ni nini?" Marehemu aliangalia dari la posta. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993. Wazazi wa Wangari walikuwa wamefukuzwa kwenye shamba lao Ainabkoi katika ghasia za uchaguzi za mwaka uliotangulia, kwa sababu ya kabila lao, wakahamia Thika, na mama yake alimwambia tu, "Sisi tumefukuzwa huko, nawe ukachagua kubaki." Mwaka 1995 walijaliwa binti, Amondi, na mwaka 2001 wakajenga nyumba hii kwenye robo eka hii.

Wangari alitaka jambo moja tu: kukaa katika nyumba yake. Yanayofuata yanahusu hilo.

Novemba mwaka 2007, jirani yao Emmaculate Nangila alikuja kumwambia marehemu ampeleke mkewe Thika kabla ya kura. Marehemu, aliyeogopa kisima, mbwa na kuendeshwa kwa kasi, safari hii akataka uthibitisho. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake, kutokubali kitu mpaka kithibitishwe, na haikumjia akilini kwamba hatari haina desturi ya kuwasilisha tasnifu.

"Daktari," Emmaculate alimwambia, "ushahidi hutauona. Utaona moshi."

Tarehe 30 Desemba, jioni, matokeo yalitangazwa Nairobi. Kabla mtangazaji hajamaliza, mawe yalikuwa yanagonga mabati hapa Kimumu. Marehemu alizima redio, akasema kwa sauti ya chini kwamba sharti la pili limevunjwa, Nairobi imegusa Kimumu kabla habari haijafika. Wangari alimwambia anyamaze na ashike ngazi. Wangari akapanda juu ya dari, akalala kati ya tangi la maji na mbao, na Mungu ashukuriwe kwamba Amondi alikuwa Gem kwa nyanya yake kwa likizo ya Krismasi.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, vijana walikuja. Mtaa wa pili ulikuwa unaungua na majivu yalikuwa yanatua kwenye nguo zilizoanikwa. Hawakuvunja mlango, walibisha. Marehemu alisema baadaye kwamba kubisha kule ndiko kulikomtisha kuliko yote, kwa sababu mtu anayebisha ana muda.

"Daktari, wewe hatuna shida na wewe," alisema aliyevaa kofia ya sufu. Panga lake lilikuwa limenolewa upya. "Wewe ni mtu wetu, tulipiga kura pamoja. Bibi ako wapi?"

Marehemu, aliyekuwa amefungua mlango, alirudi nyuma, nao wakaingia sebuleni.

"Tunauliza na heshima, mzee."

"Ameenda."

"Ameenda wapi?"

Hapo marehemu, aliyeulizwa swali, akafanya alivyofanya maisha yake yote akiulizwa swali. Aliangalia dari.

Alijua amefanya nini kabla shingo yake haijafika mwisho, lakini hakuweza kuishusha. Yule wa kofia akaangalia juu pia. Wenzake wakaangalia juu. Ubao mmoja ulikuwa umelegea pembeni, na kila mtu sebuleni akawa anauona. Marehemu alihisi suruali yake ikilowa. Alieleza baadaye kwamba alikuwa ametafuta sakafu ya ulimwengu kwa zaidi ya miaka ishirini, na pale sebuleni ndipo alipohisi haipo: chini ya woga ule kulikuwa na woga mwingine, na chini yake mwingine.

"Unaangalia nini huko juu?"

"Anaangalia Mungu!" Huyo alikuwa Emmaculate, amepita kwenye ua na mwiko wa ugali mkononi. "Kwani hamjasikia huyu mtu ameachwa? Bibi alitoroka kabla ya Krismasi na mwanaume wa Thika! Amebeba mpaka sufuria! Na nyinyi mnakuja kumuuliza mbele ya watu. Muangalieni! Amejikojolea! Hamna mama nyinyi?"

Walimwangalia. Marehemu alikuwa analia, na hakuwa anaigiza, kwa sababu hakuwahi kujua kuigiza.

"Ni ukweli, mzee?" yule wa kofia akauliza, na sauti yake ilikuwa imelainika.

Marehemu akatikisa kichwa kukubali. Ndio uongo pekee ambao familia inaujua.

"Aki pole, Daktari. Tafuta mwingine, wa kwetu." Wakatoka wakicheka. Mmoja wao alirudi akachukua redio, asiondoke mikono mitupu.

Mama Amondi amesema hivi kuhusu siku ile, na ameomba isomwe: "Nilikuwa juu nasikia nikiitwa malaya, na sijawahi kusikia neno tamu kama hilo."

Kesho yake alfajiri Emmaculate alimfunga leso yake, wakatembea pamoja hadi kituo cha polisi kupitia mashamba ya mahindi. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Shamba lililovunwa halina pa kujificha. Marehemu alibaki dirishani akiwatazama wakipungua mpaka wakawa vidoa viwili, na hakuthubutu hata kupunga mkono. Kutoka kituoni Wangari alipelekwa kwenye kambi ya wakimbizi katika uwanja wa maonyesho, kisha Thika kwa dada yake Mwihaki, katika basi lililosindikizwa na wanajeshi.

Marehemu alibaki kulinda nyumba, na nyumba ilisalimika kwa sharti kwamba uongo usalimike. Ikabidi aishi kama mtu aliyeachwa. Akina mama wa kanisa walimletea ugali na ushauri. Mchungaji alihubiri juu ya subira akimtazama. Binamu alikuja kutoka Gem na mchumba tayari. Marehemu alipokea vyote isipokuwa mchumba. Kila alipofunga mlango alirudi kuhakikisha umefungwa, kisha akarudi tena.

Wangari alirejea Aprili 2009. Mtaa mzima ulimsifu marehemu kwa moyo wa kusamehe, na wazee wawili walimkalisha Wangari chini wakamwonya asirudie. Aliitikia, "Asante wazee, nimekosa." Emmaculate alimwomba radhi kwa kumchafulia jina. Wangari akamjibu, "Jina litafuliwa, dada. Mimi ningefuliwa na nini?"

Lakini alikuwa amerudi nusu. Kila uchaguzi ulipokaribia, begi lilitoka chini ya kitanda, naye akaenda "kumtembelea Mwihaki." Mwaka 2013 alienda. Mwaka 2017 alienda mara mbili, kwa kuwa uchaguzi ulirudiwa. Hakuna kilichotokea hapa Kimumu, na marehemu hakutulizwa na hilo hata kidogo. Alisema ni hesabu ya mifano miwili mitatu, na mifano si uthibitisho.

Mwaka 2009 aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Daktari alimuuliza ana mawazo gani yanayomsumbua. Alijibu, "Sakafu," akaandikiwa dawa ya usingizi. Moyo ulianza kuchoka mwaka 2020. Julai mwaka huu alilazwa katika hospitali moja mjini, naye ndugu yake Ouma alikaa naye. Huko ndiko marehemu alikosema jambo lililoleta kelele ambazo baadhi yenu mmezisikia.

"Ouma, usinipeleke Gem."

"Unasema nini? Mtu wetu azikwe mjini kama mgeni?"

"Mkinipeleka Gem, huyu Wangari ataambiwa, 'mumeo yuko kwao, wewe unangoja nini hapa?' Na hatakuwa na jibu."

"Na wazee nitawaambia nini?"

"Waambie niliogopa. Wataamini."

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 28 Julai 2022, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Wazee wa Gem walikataa, wakaja hapa kukataa ana kwa ana, na mkubwa wao akamuuliza Wangari kama anaelewa anachodai. Alijibu, "Baba, nimefukuzwa nikiwa binti na nikafukuzwa nikiwa bibi. Nikifukuzwa nikiwa mjane, nataka wanifukuze kwenye kaburi la mume wangu, mchana, kila mtu akiona." Mzee akaomba chai. Kaburi lilichimbwa jana.

Tunajua wengi wenu mnataka kufika makwenu mapema, na gari kadhaa huko nje zimegeuzwa tayari zikiangalia barabara. Hatulaumu mtu. Ibada itakuwa fupi.

Marehemu ameacha binti yake Amondi. Ndugu yake Ouma. Shemeji yake Mwihaki, aliyetuma basi la kumchukua dada yake leo jioni, na basi limeambiwa lirudi tupu. Na mjane wake, Wangari, ambaye begi lake liko chini ya kitanda na limetolewa nguo. Anuani yake tumeombwa tuisome kwa sauti: robo eka, Kimumu, Eldoret.

Opondo, lala sasa. Mungu akupe pumziko lisilo na hofu.