Breki za Gari la Bibi Harusi

Wanajumuiya wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nimemwomba mwenyekiti nafasi hii kabla ya sala ya kufunga. Nitasema nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitapata pa kujificha. Wengi wenu mlikuja hospitali siku ile mpwa wangu alipovunjika mkono. Mliniuliza kulikoni, nikawajibu. Nilichowajibu kilikuwa uongo, na uongo huo umemfukuza mtu hapa mjini. Leo nimekuja kuufuta, kama utafutika.

Mnanijua. Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na baadhi yenu humu nimewachapa. Nilipopata kiinua mgongo changu, mke wangu akasema tumalizie nyumba. Mimi nikanunua gari. Lile jeusi, kubwa, viti vya ngozi, la watu wazito. Aliyeniuzia kule Dar alikuwa na haraka, nami nikadhani ni bahati yangu. Kumbe mwenzangu alikuwa anatua mzigo. Lina shokapu za upepo gari lile. Asubuhi unalikuta limelala tumbo chini kama ng'ombe, ukiliwasha linajiinua taratibu. Watoto wa mtaa walikuwa wanakuja kuangalia. Nilijifanya siwaoni, ila nilikuwa naliwasha hata siku ambazo sina safari.

Basi likaanza kudai. Leo taa, kesho shokapu, na spea zake haziko hapa. Mpaka uagize, usubiri. Yupo fundi mtaani kwetu, simtaji jina, Mwislamu mstaarabu mwenye gereji ya wazi njia ya kwenda Msamvu. Alilikagua akaniambia breki zinataka mipira mipya na mafuta mapya. Niliona ananichuna. Nikamwambia, tena mbele ya wateja wake, "Kijana, mimi nimefundisha breki ubaoni kabla hujazaliwa."

Akacheka kwa adabu. "Sawa, mwalimu. Ila nakuomba, mafuta ya breki usiyachanganye na mengine."

Siku ile nilimruhusu abadilishe tairi moja tu. Kumbukeni hilo, ni tairi tu.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna mjinga mbaya kama mjinga aliyesoma. Nilikaa na simu yangu natazama video za watu wanaofungua magari. Nikanunua spana. Nikabadili chujio la hewa, gari likawaka, kichwa kikavimba. Mafuta ya gari nilikuwa nayaweka kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, yamepangwa stoo, hayana hata alama. Mnacheka, lakini nani humu hana chupa ya maji nyumbani iliyojaa mafuta ya taa? Zangu zilikuwa mbili zinazofanana, moja ya mafuta ya breki, moja ya mafuta ya usukani. Nilikuwa nazitofautisha kwa kichwa, kwa sababu mimi ni mwalimu.

Wiki moja kabla ya harusi, mpwa wangu alikuja kwangu kujaribu gauni. Kwetu Waluguru mnajua, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayemsimamia. Nilikuwa nimetangaza kwamba nitakwenda kumchukua kwao Mgeta mimi mwenyewe, kwa gari lile, nimshushe mpaka kanisani hapa mjini. Jioni hiyo nikaongeza mafuta ya breki. Yeye alikuwa amenishikia kikombe cha chai.

Akauliza, "Mjomba, hiyo ni nini?"

"Mafuta ya breki, mwanangu."

Siku chache baadaye taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Nilifanya nini? Nilikata kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, nikakibandika juu ya taa. Naona aibu kulisema hili kuliko yote. Niliona hatari kwa macho yangu, nikaiziba ili isiharibu picha za harusi.

Kupanda Mgeta nilisikia harufu ya kuungua. Nikamsingizia dereva wa lori la kabichi lililokuwa mbele yangu. Jumamosi asubuhi tukaanza kushuka, bibi harusi nyuma na dada yangu, mama yake, wanaimba. Kona ya tatu pedali ikawa laini. Kona iliyofuata ikazama mpaka chini. Nikabonyeza kitufe cha breki ya mkono, hakikufanya kitu. Upande mmoja bonde, chini kule naona mapaa ya nyumba na matuta ya njegere. Dada yangu aliacha kuimba. Nikashusha gia, nikaligongesha gari kwenye ukingo wa mlima, likakwaruza, likaingia mtaroni na kusimama.

Mpwa wangu alivunjika mkono wa kushoto. Dada yangu alipasuka paji la uso. Mimi sikupata hata mchubuko. Huku mjini pilau ilikuwa imeiva, wageni wakaila kimya kama wako msibani.

Pale hospitali mlinizunguka. Mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, breki alizishika nani?" Na mimi, mbele ya bwana harusi, mbele ya wakwe, nikasema, "Si yule fundi wetu! Juzijuzi tu gari lilikuwa kwake."

Nilisema kwa hofu, sikupanga. Lakini siku ya tatu niliingia stoo, nikaikuta chupa ya mafuta ya breki imejaa vilevile. Iliyopungua ilikuwa ya usukani. Mafuta yale yanavimbisha mipira ya breki, yule fundi alinionya. Hapo nilijua. Nikafunga mlango wa stoo nikanyamaza.

Vijana wa ukoo wetu walikwenda kumtukana gerejini. Wateja wakahamisha magari yao, hata ninyi wengine. Kabla ya mwezi kuisha alifunga, akaenda Gairo kutengeneza mashine za kukoboa mahindi. Mke wake akabaki hapa anakaanga vitumbua, na kila nikipita ananiambia, "Shikamoo, mwalimu." Nilianza kuzunguka njia nyingine ili nisiamkiwe.

Familia ikapanga tarehe mpya. Nikaenda Mgeta kuzungumza na mpwa wangu, bado mkono una plasta nzito. Akamtuma mama yake nje kwa kisingizio cha maji. Kisha akasema taratibu, anaangalia chini, maana mjomba hakaripiwi.

"Mjomba, nilikuona ukimimina. Na kipande cha utepe nilikiona siku ile ile ya safari. Nimengoja useme mwenyewe. Mimi sitatolewa na mjomba aliyemzika mtu akiwa hai."

Nilitaka kukasirika. Nililia mbele ya mtoto niliyemnunulia daftari la kwanza.

Kesho yake nikapanda basi la Gairo. Nilimkuta fundi amelala chini ya mashine, unga umemjaa kichwani. Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono.

"Mwalimu, mimi kusamehe nitasamehe, dini yangu inaniambia hivyo. Lakini jina langu uliliua kwa mdomo wako mbele ya watu. Nenda kalifufue kwa mdomo huohuo, mbele ya watu walewale. Na mimi niwepo, nisikie."

Ndiyo sababu ya leo. Sasa sikilizeni, na mkitoka hapa mkaseme sokoni, mkaseme nyumbani: breki zile nilizigusa mimi. Mafuta yale niliyatia mimi. Taa niliiziba mimi. Yule fundi aligusa tairi moja, na aliifunga vizuri.

Namshukuru mpwa wangu, ambaye alikuwa na haki ya kunianika akanipa nafasi ya kujianika. Namshukuru dada yangu, tangu nimwambie hajasema nami, lakini bado ananitumia mboga. Namshukuru mke wa fundi kwa shikamoo zake, kila moja ilinichoma mahali panapostahili. Vijana wetu wamekwisha kwenda kumwomba radhi. Kama nina la kuwafundisha, ni dogo. Kutojua si aibu; anayejua alinionya, nami nikakataa kukiri kwamba sijui. Aibu ni kumbebesha mwenzako kosa lako kwa sababu wewe unaaminika kuliko yeye. Mliniamini kwa kuwa mimi ni mwalimu na yeye ana mikono ya grisi.

Bwana harusi ameniambia ataoa nikiwepo au nisipokuwepo. Mpwa wangu bado hajaniambia kama nitamtoa. Sitamuuliza.

Yule fundi yuko hapo nje, kwenye baraza chini ya dirisha. Alikataa kuingia kabla sijamaliza. Nimemaliza. Naombeni mninyamazie kidogo, niende nikamfungulie mlango.