Mzee Khamphan na Chupa Nyekundu ya Rejeta

Wasikilizaji wapendwa wa mkoa wetu wa Roi Et, Thailand, kama kuna aliyelala hapo nyumbani, punguzeni sauti, lakini msinizime. Leo tunamkumbuka Mzee Khamphan wa kijiji cha Non Kham. Mzee Khamphan, yule wa pikapu ya bluu. Ametutoka Jumanne akiwa na miaka sabini na tisa. Amefia kitandani kwake, mkewe Bualai akimpepea.

Wengi mlimcheka. Alikuwa akifika kwa mtu, hata hajakaa, ananusa chupa zilizopo. Leo nawaambia kwa nini.

Ilikuwa Aprili, miaka ishirini na sita iliyopita, siku ya ibada. Kijiji chote kilikuwa hekaluni, na magari yote huko huko. Khamphan na Bualai tu ndio walibaki nyumbani, naye Khamphan yuko uani akibadilisha maji ya rejeta.

"Gari hilo unaliogesha kuliko unavyojiogesha mwenyewe," Bualai alimtania.

"Gari halininunii, mama."

Alifanya kwa utaratibu wake. Injini ilikuwa imepoa. Akaweka beseni chini, akalegeza kizibo, maji yakatoka yenye rangi ya kutu. Akasuuza mara mbili kwa maji ya mvua ya mtungini. Dawa mpya ya rejeta, nyekundu, alikwisha kuichanganya na maji ndani ya chupa tupu ya soda, maana shingo yake nyembamba haimwagi ovyo. Akaiacha ngazini.

Ndani ya chupa ya soda, wasikilizaji wapendwa. Nyekundu. Na siku ya ibada, siku ambayo kila nyumba huiwekea mizimu soda nyekundu yenye mrija.

Akiwa chini ya gari akikaza kizibo, alisikia harufu ya ubani. Hakujali. Alipotoka akanyoosha mkono ngazini, chupa hakuna. Akageuka. Bualai alikuwa amekaa kwenye benchi la mianzi, karibu na kijumba cha mizimu. Ubani umeisha, sadaka ameishusha, na sasa anajinywea baraka kwa mrija.

"Leo umenifurahisha, baba," alisema. "Umewakumbuka mizimu bila kuambiwa. Ila soda hii mbona tamu hivi, na haina gesi?"

Khamphan alimrukia. Aliikamata chupa. Maji yalikuwa yamepungua vidole vitatu.

"Tema! Bualai, tema! Hiyo ya rejeta!"

"Nitatema nini? Imeshafika."

Hospitali kilomita ishirini na nane. Gari lililokuwepo ni moja tu, na rejeta yake tupu.

Alimkalisha ndani ya pikapu, akaanza kumimina maji ya mtungini. Kwa haraka, nusu ya maji ikamwagika miguuni. Rejeta ikajaa, ikayameza, maji yakashuka. Akaongeza. Akawasha injini, mfuniko ukiwa wazi. Viputo vikaanza kupanda. Aliijua hatari ya hewa ile: ukiifungia ndani, gari litachemka katikati ya mashamba. Basi akasimama anatazama viputo. Kimoja. Viwili. Vingine vitano. Mkewe anakufa, naye anasubiri viputo.

"Mama, nisemeshe!"

"Nikusemeshe nini na wewe umeninywesha gari?" Bualai alijibu, akacheka. Akacheka tena, ulimi mzito, kama mtu aliyelewa. Kicheko kile kilimtisha Khamphan kuliko kilio.

Viputo vikakoma. Akaongeza maji, akafunga mfuniko, akaondoka. Jicho moja barabarani, jicho moja kwenye mshale wa joto. Chupa, na mrija wake, aliibana mapajani. Mshale haukupanda.

Nesi alipoiona ile chupa hakuuliza mara mbili. "Baba," alimwambia baadaye, "umefanya vyema kuja nayo. Tungebaki tunabahatisha."

Bualai alilazwa siku kumi na mbili. Figo zilisumbua, zikatulia. Akarudi nyumbani.

Tangu hapo Khamphan hakutia tena dawa ya gari kwenye chupa ya kinywaji. Na tangu hapo akanusa, kwake na kwenu.

Jana nilikwenda msibani. Majirani walikuwa wameleta soda nyekundu ya kuweka mbele ya jeneza. Bualai aliipokea, akaifungua, akaisogeza puani. Akanusa taratibu, watu wote wakimtazama. Ndipo akatia mrija.

"Kanywe, baba," alimwambia mumewe. "Hii nimekunusia."

Mama Bualai, na ukoo wote, na kijiji kizima cha Non Kham, sisi hapa redioni tunalia nanyi. Mungu wa kila nyumba awape utulivu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaombeni kitu kimoja, mimi bibi yenu. Nendeni sasa hivi nyuma ya nyumba, pale penye mafuta na dawa za gari. Tazameni kila chupa. Mjiulize ni nani anayependwa hapo ndani, na leo ana kiu.